Albamu Ipi Iliyobadili Muziki wa Kiswahili?

Waulize wapenzi wa muziki wa Kiswahili nani alikuwa mwimbaji bora, na ubishi utakesha. Huyu atasema Siti, yule Marijani Rajabu, mwingine Bitchuka, Gurumo, Lady Jaydee au Diamond. Badili swali kidogo, uliza ni albamu ipi iliyowafanya waliokuja baadaye waimbe kwa namna nyingine, na wengi watanyamaza kwanza. Vibao tunavikumbuka, sauti na mitindo tunaikumbuka. Lakini albamu, kazi nzima iliyopangwa wimbo kwa wimbo ikapewa jina na jalada, hatujazoea kuijadili, wakati wenzetu wa Ulaya na Marekani hawachoki kuorodhesha zao na kugombana juu yake.

Nalitaka swali hili lijadiliwe kwa sababu kazi isiyozungumzwa husahauliwa, na kazi nyingi nzuri za kwetu zimeanza kusahauliwa. Ndiyo maana nimeupanga mjadala huu. Waliomo hawana majina: ni sauti nilizozijenga kutokana na hoja ninazozisikia barazani, studioni na kwenye maduka machache ya kanda yaliyosalia. Yumo Bi Mwalimu, aliyefundisha muziki Unguja. Yumo Mzee, aliyepiga gita la besi kwenye bendi za dansi enzi za Radio Tanzania. Yumo Muuza Kanda wa Kariakoo, Dada wa Nairobi ambaye ni mtangazaji wa redio, na Kijana anayetengeneza midundo kwa kompyuta chumbani kwake. Nimewapa sharti moja tu: atakayetaja albamu aseme ilibadili nini, na ilimbadili nani.

BI MWALIMU: Basi tuanzie mwanzo wenyewe. Machi 1928 Siti binti Saad alivuka bahari pamoja na wenzake mpaka Bombay, wakarekodi kwa kampuni ya HMV. Kabla ya hapo taarabu iliyohesabiwa kuwa taarabu pale Unguja ilikuwa ya kasri, na iliimbwa kwa Kiarabu. Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kwenda kujifunza fani hiyo, na Ikhwani Safaa walipojikusanya mwaka 1905 waliifuata njia hiyohiyo. Siti alitoka Fumba, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, akitembeza vyungu mjini. Akaimba Kiswahili. Sahani zake ziliposhuka bandarini, mtu wa Ng'ambo, upande wa walalahoi wa mji, akasikia lugha yake inatoka kwenye santuri kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwanamke wa pwani yake mwenyewe. Mnataka badiliko gani tena?

MZEE: Bi Mwalimu, heshima ya Siti siigusi. Lakini sahani ya mwaka 1928 ilikuwa na wimbo mmoja upande huu na mmoja upande ule, dakika tatu hivi kila upande. Hiyo si albamu.

BI MWALIMU: Dakika tatu ndicho kipimo mashine ilichokuwa nacho, Mzee wangu. Wimbo ambao nyumbani kwake uliendelea nusu ya usiku ulibidi ubanwe uingie humo. Lakini zikusanye zile sahani zote, uzisikilize pamoja. Utasikia kazi yenye jicho moja. Humo mna wimbo wa Kijiti, kisa cha mwanamke aliyeuawa, muuaji akatorokea bara, na wanawake waliosimama mahakamani ndio wakaishia kuadhibiwa. Mahakimu wameimbwa, matajiri wameimbwa, wezi wa mali ya serikali wameimbwa. Mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika aliwahukumu wenye hukumu, na sauti yake ikasafiri hadi Mombasa, Dar es Salaam na bara ndani.

KIJANA: Ilimbadili nani hasa?

BI MWALIMU: Iliwabadili wafanyabiashara kwanza. Sahani ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, na kampuni nyingine zikakimbilia waimbaji wa pwani. Iliwabadili wanawake, maana baada yake mwanamke kusimama mbele ya wapigaji halikuwa jambo la kushangaza tena. Bi Kidude alianza kwa kumsikiliza yeye. Na iliwabadili wenye kalamu. Shaaban Robert, na ukubwa wake wote, alikaa chini akaandika wasifu wa mwimbaji. Nitajie mwanamuziki mwingine wa zama zile aliyeandikiwa kitabu kizima na mwandishi wa kiwango hicho.

Hakuna aliyemtaja. Nami nakiri kwamba hoja ya Bi Mwalimu ni nzito kuliko anavyoiona Mzee. Tukilishika neno albamu kwa ukaidi, tutaanza historia yetu mwaka kampuni fulani ilipoamua kutuuzia sahani kubwa, na tutawatupa nje waliofanya kazi kubwa kwenye sahani ndogo. Hata hivyo swali ni la albamu, na Siti hakuwahi kuipanga hata moja. Mjadala ukasogea.

MZEE: Sasa nisikilizeni na mimi. Sisi wa dansi hatukuwa tunatoa albamu. Tulikuwa tunarekodi Radio Tanzania. Bendi nzima inaingia studio pamoja, magita, tarumbeta, ngoma, waimbaji kwenye maikrofoni chache, na ukikosea mnarudia wote tangu mwanzo. Wimbo ukishapita, unarushwa hewani, kanda inabaki kwenye maktaba ya redio. NUTA Jazz, Vijana Jazz, Dar International, Mlimani Park baada ya mwaka 1978, wote walipita hapo. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Aliyetaka santuri yake ishikike mkononi ilibidi atazame Nairobi. Kwa hiyo mkiniuliza albamu, nitasema Ukumbusho ya Mbaraka Mwinshehe.

MUUZA KANDA: Hapo umenena, Mzee. Ile niliiuza mpaka jalada likawa halisomeki.

DADA WA NAIROBI: Lakini Ukumbusho si moja, ni mfululizo. Na ilitolewa na Polygram Nairobi miaka ya 1980, Mbaraka mwenyewe ameshafariki. Alikufa Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa. Hakuchagua ni wimbo upi uanze na upi ufuate.

MZEE: Najua, mwanangu. Naijua hata siku niliyoisikia habari ile. Lakini sharti la mwandishi ni kusema ilibadili nini. Mbaraka alipokuwa hai, nyimbo zake zilitawanyika kwenye santuri ndogondogo na kwenye mawimbi ya redio. Kijana wa Dodoma au Kigoma aliyetaka kujifunza solo lake alikuwa anaomba Mungu wimbo upigwe tena leo jioni. Ukumbusho ilipotoka, wimbo unaurudisha nyuma, unausikiliza, unaurudisha tena. Kazi zake na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda naye Osaka kwenye maonyesho ya mwaka 1970, na zile za Super Volcano aliyoianzisha 1973, sasa unaweza kuzikalia chini na kuzichambua. Mimi nimewaona wapiga gita waliozaliwa baada ya kifo chake wanapiga Shida bila kukosa nukta moja. Hawakumwona. Walizisikiliza zile sahani na kanda zilizodurufiwa kutoka kwenye zile sahani.

Hili la Mzee lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Tumezoea kuisifu albamu kwa ajili ya nia ya msanii, kana kwamba mpangilio ndio kila kitu. Mzee analeta kipimo kingine: albamu kama darasa. Kwa kipimo hicho mkusanyo uliofanywa na watu wa ofisini unaweza kulea wapigaji wengi kuliko kazi iliyopangwa kwa ustadi mkubwa lakini ikafika kwa wachache.

DADA WA NAIROBI: Kama ni darasa, msiusahau mji uliochapa vitabu. Kina Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga wakaja kwetu na Simba Wanyika. Mwaka 1978 wenzao wakajitenga wakaunda Les Wanyika, wakatoa Sina Makosa. Mpaka leo harusi ya Nairobi haimaliziki bila wimbo huo. Gita la pili linazunguka palepale, besi inaongea polepole, na huchoki. Kisha Samba Mapangala na Virunga, Wakongo waliofanya Nairobi kuwa kwao. Kazi yao ya mwaka 1982 ilitolewa upya Uingereza mwaka 1990 kwa jina la Virunga Volcano, na ukiniomba albamu moja ya dansi ya Afrika Mashariki ninayoweza kuisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo, ni hiyo.

MUUZA KANDA: Dada, mimi nitasema jambo ambalo halitampendeza Mzee. Albamu iliyotikisa duka langu miaka ile haikuwa ya Kiswahili kabisa. Ilikuwa Mario ya Franco na TPOK Jazz, mwaka 1985. Watu hawajui Kilingala, lakini kisa wanakijua chote: kijana msomi analelewa na mwanamke aliyemzidi umri. Mpaka leo kijana wa namna hiyo mtaani anaitwa marioo. Na bendi zetu, kila Franco alipobadili kitu Kinshasa, sisi tulikisikia Dar es Salaam baada ya miezi michache.

MZEE: Halinichukizi, ni kweli. Gita letu lilisoma Kinshasa. Lakini sisi tulilifundisha kusema mambo yetu. Msikilize Gurumo au Bitchuka akisimulia kisa cha ndoa; mashairi yale hayakutoka Kongo.

Kisha Kijana akaleta jina ambalo kila mtu alilitarajia.

KIJANA: Na Remmy Ongala je? Songs for the Poor Man, 1989, kampuni ya Real World ya Peter Gabriel. Hiyo ni albamu kweli, imepangwa, ina jalada, ilisikika dunia nzima.

MUUZA KANDA: Dunia nzima, ndiyo. Kariakoo sikuiona. Sisi Remmy tulimjua kwa redio, kwa maonyesho yake na Super Matimila, na kwa kanda za kudurufu. Alipotoa Mambo kwa Soksi, kuwaambia watu watumie kondomu wakati UKIMWI unatumaliza na wakubwa wanaona haya kusema, watu waliutafuta wimbo ule hata redioni ulipokosekana. Ile ndiyo nguvu yake kwetu.

BI MWALIMU: Lakini albamu ile iliwabadili wasikilizaji wa nje. Mzungu aliyedhani muziki wa Tanzania ni ngoma za asili peke yake alimsikia mtu aliyezaliwa Kindu, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978, akiimba juu ya umaskini na kifo kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Tuseme ukweli: albamu ile ni nzuri mno, na wote wawili wana haki. Ila kuna umbali kati ya albamu iliyotutangaza na albamu iliyotubadili. Remmy mwenyewe alitubadili. Eneo la Sinza alikoishi linaitwa Kwa Remmy hadi leo. Kilichotubadili, hata hivyo, hakikuwa ile sahani ya Uingereza.

Nikawaomba tufike kwenye kizazi cha kanda na CD, maana hapo ndipo albamu ilipopata maisha yake kamili kwetu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi karibu mwaka 2008, msanii wa Dar es Salaam aliyekuwa na nyimbo mbili kali redioni aliulizwa swali moja na kila aliyekutana naye: albamu lini? Watu waliisubiri, wakaipangia foleni, wakaisikiliza upande wa kwanza na wa pili, wakabishana kuhusu wimbo wa nne. Hatukuwa na zama nyingine za namna hiyo kabla yake, na hatujawa nazo tena tangu hapo.

MUUZA KANDA: Anza nyuma kidogo, na Saleh Jabir, 1991. Alishinda Yo! Rap Bonanza, akatoa kanda ya rapu ya Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani. Kabla yake vijana walikuwa wanakariri Kiingereza cha watu, wengine hawajui hata wanachokisema. Huyu akachukua mdundo uleule wa Ice Ice Baby akaweka maneno yetu. Watu walicheka mwanzoni. Kisha wakanunua.

KIJANA: Mdundo si wake lakini.

MUUZA KANDA: Mdundo si wake, ila ruhusa ni yake. Alionyesha kwamba inawezekana.

DADA WA NAIROBI: Mr. II je? Nairobi tulimsikia.

MUUZA KANDA: Huyo ndiye Sugu! Ndani ya Bongo, 1996. Niite Mr. II, 1998, ndimo ilimo Hali Halisi. Hapa sasa kijana wa Mbeya anaeleza maisha yanavyokwenda, wanasiasa wanavyosema, polisi wanavyokamata. Kwa Kiswahili kitupu. Wakati huo kundi la Kwanza Unit lilikuwa na waandishi wakali sana, lakini mashairi yao mengi yalikuwa ya Kiingereza, na albamu yao Kwanzanians ilipotoka mwaka 1999 mtaa ulikuwa umeshaamua lugha. Lugha iliamuliwa na nani? Na Sugu, kwa kiasi kikubwa. Karibu kila mwaka alikuwa na albamu. Aliwafundisha wengine kwamba msanii wa rapu anaweza kutoa kazi nzima, akaiuza, akaishi.

KIJANA: Basi tumemaliza. Ni Niite Mr. II.

MUUZA KANDA: Hatujamaliza. Ngoja nikuambie nani aliyekuwa ananunua. Kanda za Sugu walinunua vijana. Baba akiikuta nyumbani, anauliza uhuni huu umetoka wapi. Rapu ilikuwa muziki wa wahuni, hilo kila mzazi aliliamini. Mwaka 2000 Hard Blasters wakatoa Funga Kazi, na Chemsha Bongo ikawa inapigwa kila kona. Hapo wazazi wakaanza kusimama kidogo, wakasikiliza. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joseph Haule, akatoka peke yake kama Professor Jay na Machozi, Jasho na Damu. Duka langu likabadilika. Alikuja mwalimu wa sekondari. Alikuja mama wa makamo, hataki ya mwanawe, anataka yake. Akaniambia: nipe ile ya mgombea.

Mgombea huyo ni wa Ndiyo Mzee. Kwa msomaji ambaye hakuwapo, wimbo umejengwa kama mkutano wa kampeni. Mwanasiasa yuko jukwaani anamwaga ahadi, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa uzito na kwa upuuzi, na umati unamwitikia kwa kumkubalia. Tanzania ilikuwa imetoka kwenye uchaguzi mkuu wa mwaka 2000, na hapakuwa na mtu ambaye hajawahi kusimama juani akiitikia hivyohivyo.

BI MWALIMU: Mimi si shabiki wa rapu, lakini wimbo ule niliufundisha darasani. Tazameni umbo lake. Kiongozi anatoa, umati unapokea: huo ndio muundo wa ngoma zetu na wa nyimbo zetu za kazi. Kejeli yake ni kejeli ya washairi wa malumbano, wanaomsifu mtu mpaka sifa zinageuka fedheha. Siti alifanya hivyo kwa mahakimu. Professor Jay kafanya kwa mgombea. Wazazi waliusikia muziki wanaoujua ndani ya muziki waliouogopa, ndiyo maana walifungua mlango.

KIJANA: Na msiusahau mdundo. P-Funk, pale Bongo Records, hakuwa tena anaazima ala za Marekani. Aliifanya albamu ile isikike kama kazi ya mahali pamoja. Sisi tunaotengeneza midundo leo, ukituuliza tulijifunza kwa nani kwamba prodyuza naye ana sauti yake, wengi tutamtaja yeye.

MZEE: Sauti ya kompyuta. Mnajua bendi ngapi zilikosa ukumbi baada ya hapo? Mwenye baa akaona kijana mmoja na CD yake anatosha. Watu kumi na wanane wa bendi wakarudi nyumbani. Hilo nalo ni badiliko, liandikeni.

Nimeliandika, kwa sababu ni kweli na linauma. Kuna wapiga tarumbeta Dar es Salaam ambao wamekosa wa kumrithisha ujuzi wao. Lakini bendi hazikufa zote, na zilizodumu zilikubali kujifunza: African Stars, ndio Twanga Pepeta, walipata umaarufu wao katika zama hizohizo, wakitoa albamu baada ya albamu na wakiwapa marapa nafasi katikati ya dansi. Muziki wa vijana uliwasukuma nao wakasogea.

DADA WA NAIROBI: Mmezungumza kana kwamba hayo yote yalitokea Dar pekee. Mwaka 1997 Kalamashaka kutoka Dandora walitoa Tafsiri Hii, wakati redio za Nairobi ziliamini kwamba muziki mzuri lazima utoke Marekani. Vijana wa Eastlands wakasikia Kiswahili chao cha mtaani, pamoja na njaa yake na risasi zake. Mwaka 2004 Ukoo Flani Mau Mau na wenzao wakarekodi Kilio cha Haki. Albamu ile ina sauti nyingi za mtaa mmoja, na ina hasira iliyopangwa. Na E-Sir? Nimefika ndiyo albamu yake pekee. Alikufa barabarani Machi 2003, kijana mdogo kabisa, na bado marapa wa Kenya wanapima ulaini wa mistari yao kwa yake.

MUUZA KANDA: E-Sir niliuza hata hapa.

DADA WA NAIROBI: Basi ujue kwamba kwetu swali lina jibu jingine. Ukimuuliza msanii wa Nairobi nani alimfungulia njia, hatakutajia Professor Jay kwanza. Atakutajia Kalamashaka.

Hapo ndipo mjadala ulipokuwa mgumu kwangu. Kiswahili kina miji mingi, na hakuna sheria inayosema albamu iliyoigeuza Dar es Salaam ndiyo iliyoigeuza Nairobi, Mombasa au Bujumbura. Hoja ya Dada ina mashiko. Ninachoona ni kwamba Kalamashaka waliyatenda mageuzi yao kwa wimbo mmoja kwanza. Albamu yao, Ni Wakati, ilikuja miaka kadhaa baadaye, nguvu ya mwanzo ikiwa imeshafanya kazi yake. Na Kilio cha Haki, pamoja na ubora wake, iliwasha moto mkali ndani ya wale waliokuwa wameshaamini. Haikuingia sebuleni kwa wasioamini.

BI MWALIMU: Kabla hujatoa uamuzi, mbona hakuna mwanamke tangu tulipomwacha Siti? Lady Jaydee alitoa Machozi mwanzoni mwa miaka ile ya 2000, kisha Binti mwaka 2003. Kabla yake, binti kwenye muziki wa kizazi kipya alikuwa mwitikiaji wa kiitikio cha mwanamume. Yeye alikuwa na albamu, na baadaye bendi, na jina lake ndilo lililojaza ukumbi. Wasichana wote walioshika maikrofoni baada yake walikuwa na mfano wa kuonyesha nyumbani.

KIJANA: Na Juma Nature naye. Nini Chanzo, 2001. Temeke nzima ilikuwa mle ndani. Mimi ningempa yeye kabla ya Jay kwa sababu moja: aliimba na kuchana kwa pamoja, na muziki wa leo ndivyo ulivyo. Hakuna anayechana tu siku hizi.

Hoja hii ya Kijana ilinitia mashaka kwa muda mrefu, na bado sijaiona ikijibiwa kikamilifu. Kwa masikio tu, Nature yuko karibu zaidi na wimbo wa Bongo Fleva wa leo kuliko Jay.

Nikamrudishia Kijana swali: na kizazi chake je, albamu yao ni ipi?

KIJANA: Ukweli? Hatuna. Wimbo unatoka na video yake leo, wiki ijayo mwingine. Hata A Boy from Tandale ya Diamond, 2018, nyimbo zake nyingi zilishatangulia kutoka moja moja, tumezichoka kabla albamu haijazaliwa. Diamond kabadili biashara yote ya muziki wetu, hilo halina ubishi, lakini hakuibadili kwa albamu. Aliibadili kwa video na kwa ukubwa wa ndoto. Msikilizaji wangu mimi hajawahi kununua kazi nzima ya mtu yeyote.

MUUZA KANDA: Na sisi tulichangia kuiua. Kanda feki zilikuwa zinaingia sokoni siku ileile ya halali, msanii hapati kitu, mwishowe akaona heri aimbe jukwaani alipwe usiku huohuo.

Basi nitoe uamuzi wangu, nikijua kwamba Mzee na Dada hawatautia saini.

Aliyeifungua njia yote ni Siti binti Saad. Bila zile sahani za Bombay pengine lugha yetu ingechelewa miaka mingi kuaminiwa kwenye santuri. Lakini tukisema albamu, kazi iliyokusudiwa kusikilizwa nzima, ikanunuliwa nzima na ikajadiliwa nzima, nawapa ushindi Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay. Saleh Jabir alitoa ruhusa, Sugu akaiweka lugha mahali pake, Nature akaonyesha sauti itaelekea wapi. Hata hivyo ni albamu hii iliyobadili nani anasikiliza. Iliwachukua wazazi, walimu na makarani waliokuwa wameufungia mlango muziki wa watoto wao, ikawakalisha chini. Kuanzia hapo kijana aliyesema anataka kuwa msanii hakujibiwa kwa fimbo peke yake. Redio, wafadhili na wanasiasa wakaanza kuwapigia hodi wasanii. Mwaka 2010 Sugu akachaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, na mwaka 2015 mwimbaji wa Ndiyo Mzee akasimama jukwaani yeye mwenyewe, akaomba kura, akawa mbunge wa Mikumi. Sijui albamu nyingine ya Kiswahili ambayo matokeo yake yanaweza kuonyeshwa kwa kidole namna hiyo.

Anayepinga anipinge, lakini anipinge akiwa na kanda mkononi. Na hapa nina ombi. Nyingi ya kazi zilizotajwa humu hazipatikani tena kama zilivyotoka. Zilizomo mtandaoni ni nyimbo mojamoja zilizonyofolewa, bila mpangilio, bila jina la mpiga besi, bila jina la aliyerekodi. Kama una kanda halisi ya miaka ile, au santuri ya Ukumbusho chini ya kitanda cha babu, usiitupe. Ihamishie kwenye kompyuta upande wa kwanza na wa pili kwa mpangilio wake, piga picha jalada mbele na nyuma, na kama wapigaji wako hai, nenda ukaandike majina yao wakati bado wanaweza kukusahihisha.